Kikao Kilichokatwa Katikati

Kwa Kidato cha Tatu, Uraia ni somo la kunyamaza. Tunafundisha kwa Kiingereza: nauliza, wanatazama madawati, najijibu mwenyewe. Nimeishi hivyo miaka kadhaa katika shule moja hapa Bagara, na nilishachoka kusikia sauti yangu.

Ndipo nikaanza podikasti. Simu ni marufuku kwa wanafunzi shuleni, kwa hiyo wikendi walirekodi nyumbani kwa simu za wazazi, wakanitumia, nami nikawasikilizisha darasani kwa kispika changu cha jikoni. Mada ilikuwa ugomvi wa mipaka ya mashamba, na jinsi unavyomalizwa. Mkuu wa shule, Mwiraqw wa Dareda, alikubali kwa shingo upande.

"Kelele zisitoke nje, Madam. Na Kiingereza kiwepo."

Siku ile ilikuwa zamu ya binti mmoja kutoka kijiji cha Mutuka, mkimya kuliko wote. Alimrekodi babu yake. Mzee alikataa katakata kuurukia ugomvi. Kwa Wairaqw kikao hufunguliwa kwa baraka: mzee anatamka, waliokaa wanaitikia kwa pamoja, na mazungumzo yakiisha kinafungwa vilevile. Akaanza kutamka, taratibu, kwa Kiiraqw.

Darasa likaitikia. Sikuwaambia waitikie. Hata wa makabila mengine walidaka, na mimi mtu wa kuja nikasisimka mwili. Nilifurahi kijinga, nikasahau kwamba madirisha yetu hayana vioo.

Mkuu akatokea mlangoni. Hakufoka, angefoka ningemjibu. Alinyoosha mkono, nikampa kispika.

"Madam, mtihani wa taifa utakuja kwa lugha gani?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nikiwaacha waongee, watafeli. Nikiwanyamazisha, watafaulu mtihani wa nchi wasiyoweza kuizungumzia. Nimebanwa huku na huku, na kila siku naingia darasani kulinda kitu ambacho sikiamini.

Alipoondoka nikageukia ubao, nikaanza kuandika notisi.

"Madam." Alikuwa binti wa Mutuka. "Babu hajafunga."

"Andika."

"Kikao kikishafunguliwa hakiachwi hivyo, Madam."

"Nimesema andika!"

Kalamu zikakwaruza kidogo, zikanyamaza. Kisha nikasikia, kwa sauti ya chini, maneno ya babu yakitoka kwa yule binti ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono. Wenzake wakaitikia kwa kuguna, midomo imefungwa.

Nje, viatu vya mkuu vilikuwa vikitembea juu ya kokoto kuelekea ofisini. Vikasimama, vikarudi hadi mlangoni. Niliogopa. Sikugeuka, maana ningegeuka ingebidi niwanyamazishe. Niliandika mstari uleule mara ya pili, nikimsubiri aingie awakatishe.

Hakuingia. Alisimama pale nje mpaka walipofunga.

Ndipo akaingia, akaniambia nimfuate ofisini.