Mikono ya Breki ya Mke wa Fundi

Fundi wa baiskeli alikuwa wa mwisho mtaani kuchagua breki kwa kushika mkono wa mteja. Siku hizi watu wanachagua picha kwenye simu, kifurushi kinafika, halafu wanashangaa baiskeli haisimami. Yeye alikuwa anakwambia, "Nibane kwa vidole viwili." Ukibana, ameshajua.

Mkono mmoja tu hakuwahi kuupima: wa mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji. Kila asubuhi alishuka mteremko mkali na furushi la nguo kwenye baiskeli yake ya mlimani. Viganja vilipoanza kumuuma, fundi alimfungia usukani uliopinda kama pembe za kondoo, apate kubadilisha mshiko. Juu yake akafunga mikono ya breki aliyoitumia kwenye mbio ujanani, inayong'aa kama kijiko kipya. Miaka thelathini aliitunza ndani ya shati kuukuu, hauzi, haazimi.

"Imependeza," mkewe alisema, akaijaribu uani. Akabana, mikono ikagusa usukani, na baiskeli ikaendelea na safari yake mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Bana vizuri, mama!"

"Nimebana mpaka meno, baba watoto! Labda nishuke niisukume irudi nyuma?"

Fundi akakaza waya, raba zikakwaruza rimu. Akalegeza, zikaacha kushika. Moyoni alijua tangu mwanzo: mikono ya baiskeli za mbio huvuta waya kidogo, na breki za baiskeli ya mlimani zilitaka waya uvutwe sana. Angekuwa mteja, angemwambia hivyo bila kupepesa macho.

"Hebu nipe mkono," akasema hatimaye.

Mkewe akambana. Fundi alishtuka. Mkasi wa miaka arobaini ulikuwa umekula nguvu yote ya vidole vile.

"Umeona nini?"

"Nimeona mimi ni mjinga."

Akaifungua mikono yake inayong'aa, akavaa kofia, akaingia duka la wale wanaouza kwa picha za simu, alilokuwa akilitukana kila siku. Akarudi na mikono inayovuta waya mrefu: myeusi, minene kama viatu vya askari.

Kesho yake alisimama chini ya mteremko, jasho likimtoka kabla ya jua. Mkewe akashuka na furushi, akabana, akasimama mbele yake.

"Sura haina hii mikono."

"Inashika?"

"Inashika sana. Sura haina, ila inashika. Nyumbani nimeshazoea mali ya namna hiyo."

Akakanyaga pedali, akaenda kazini. Fundi alibaki katikati ya barabara akicheka peke yake, mpaka gari likampigia honi.