Mchungaji Anasifu Utulivu Wangu, Hajui Nimeshika Nini

Admin, naomba ufiche jina la ukoo wangu na la kanisa langu. Doto liache tu. Huku Mwanza ukiita Doto sokoni wanageuka kumi.

Nina miaka 27, sijaolewa, na ni mmisionari. Msicheke. Watu wakisikia mmisionari wanatafuta mzungu mwenye kofia, kumbe ni mimi, binti wa Kisukuma niliyepanga chumba Nyakato. Kanisa letu dogo limenituma kuhubiri nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kisesa, kuelekea Bujora. Huu ni mwaka wa tatu.

Kwenye mafunzo tulifundishwa kwamba mtu akiiponda imani yako, usipandishe sauti. Unamwacha amalize, unashusha pumzi, ndipo unajibu. Wenzangu wengi hilo liliwashinda. Mimi nimeambiwa natafuta mume kwa Biblia, nimemwagiwa maji ya vyombo miguuni, na bado nikajibu kwa upole. Mchungaji ananitolea mfano kila semina. Anasema, "Mwangalieni dada Doto, akitukanwa anaweka mkono kiunoni, anaomba kimoyomoyo."

Siombi. Nashika simbi.

Nilizaliwa pacha. Kulwa, aliyenitangulia kutoka, alifariki tukiwa na miezi minne. Bibi akanifunga kiunoni uzi wenye simbi moja nyeupe, kile kigamba cha baharini, na nilipopata akili akaniambia, "Usiivue, la sivyo mwenzio atakuja kukuchukua." Uzi umebadilishwa mara nyingi ila simbi ni ile ile. Nilibatizwa nayo ziwani, chini ya kanzu. Nimewafundisha watu wavue vitu hivyo huku nimevaa changu. Ndiyo, mimi ni mnafiki, mliotaka kuandika hivyo kwenye komenti nimewarahisishia.

Sasa kuna mama mmoja, nimwite Kabula, ana mapacha wa miezi minane. Baba mkwe wake, mzee mwenye mji, yaani mkuu wa boma lao, aliwafunga wote wawili simbi walipozaliwa. Nilimfundisha Kabula kwa wiki nyingi. Siku moja mchana akachukua wembe, akakata zile nyuzi mbele yangu, akazitupa chooni. Nilipiga makofi. Nyumbani sikulala vizuri, lakini nilipiga makofi.

Wiki mbili baadaye Kulwa wao akapata homa kali na degedege, akalazwa. Daktari alisema ni malaria. Mzee akaagiza niitwe.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, wanawe wamesimama nyuma yake. Kabula alikuwa hospitali. Nilisema shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Kisha akaanza.

"Nyie mnaingia kwenye miji ya watu, mnakata, mnachoma, halafu mnarudi kwenu Nyakato. Mtoto akifa mnakuja kutuimbia mapambio. Nani aliwaambia sisi hatukumjua Mungu kabla yenu? Ng'ombe hawa, mvua hii, tulikuwa tunamwomba nani?"

Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kiunoni. Nilipoigusa simbi, sauti ikanitoka laini kabisa. "Una haki ya kukasirika, baba. Mtoto ni wako. Mimi sikuja kumdharau mtu, nilikuja kusema ninachokiamini."

Nadhani alitegemea nibishane. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akauliza polepole, "Wewe si unaitwa Doto? Kulwa wako yuko wapi?"

"Alifariki, baba, tukiwa wadogo."

"Na wewe uliyebaki, walikufunga?"

Wapendwa, hapo ndipo nilipaswa kusema kweli. Nilijibu, "Hapana, baba. Mimi namtegemea Mungu tu." Nilisema kwa utulivu ule ule wa semina, vidole vikiwa juu ya simbi.

Mzee aliniamini. Aliwageukia wanawe akasema, "Kama huyu alifiwa na mwenzake, hakufungwa, na ni huyu hapa mzima, basi wajukuu zangu sitawafunga tena. Tuwaachie madaktari." Walinipa maziwa ninywe. Niliyanywa huku nimebanwa na machozi.

Mtoto aliruhusiwa kutoka hospitali. Kabula ameniganda kwa furaha. Jumapili hii mzee mwenyewe anakuja kanisani, na Mchungaji amepanga nisimame naye mbele, nitoe ushuhuda wa jinsi ya kujibu wanaotupinga.

Jana mzee alinipigia simu. "Mwanangu Doto, Kulwa amechemka tena. Tuko njiani tunamrudisha hospitali. Shangazi zake wananipigia kelele nimfunge. Nimewaambia hapana, mbona Doto mhubiri yu hai? Usiogope, mwanangu."

Yeye ndiye ananiambia mimi nisiogope.

Nikisema kweli, mzee atawafunga watoto siku hiyo hiyo, Kabula atafukuzwa kwenye ule mji, na mimi kanisa litanitenga. Nikinyamaza na mtoto akafa, yule mzee atakuwa amekataa kumfunga kwa sababu ya neno langu, nami nitabaki nalo maisha yote. Mkasi uko hapa kitandani tangu asubuhi. Nimeushika mara tatu nikate uzi, angalau uongo wangu ugeuke kweli, na mara zote tatu nimemsikia bibi. Naogopa kufa. Najua malaria ni mbu, nimesoma, na bado naogopa.

Ninyi msionijua, niambieni wenzangu, nianze na nani: na mzee, na Mchungaji, au na huu mkasi? Jibuni taratibu, msinitukane sana. Haya yote nimeyaandika kwa mkono mmoja. Wa pili mnajua uko wapi.