Koki ya Chini ya Tangi

Kabla mashine haijaja kiwandani kwetu tulikuwa tukibandika lebo kwa mkono, mimi na mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa, meza moja, debe moja la gundi. Yeye ndiye aliyenifunza: weka karatasi, pitisha kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, mara mbili tu. Mimi nilikuwa mtu wa pupa na hasira za karibu. Lebo zangu zilipotoka na makunyanzi, alizibandua akazirudia bila kumwambia supavaiza.

Mashine yenyewe ililetwa miaka ya tisini. Ilifyonza lebo kwa hewa, ikaishikilia kwenye kibao chenye matundu, na pakiti ya majani chai ilipopita chini yake, fuu, ikaipuliza ikakaa. Hakuna kilichoigusa. Mama yule hakuiamini hata kidogo. Alikimbilia kila pakiti akaipapasa mara mbili, mpaka nikamcheka.

Kisha tukaambiwa anatakiwa mtu mmoja tu wa kuiendesha. Kila mmoja wetu angejaribiwa wiki moja, na atakayeshindwa angepewa kazi ya kufagia.

Fundi aliyeifunga alikuwa mtu wa Kiptere. Aliponitambua kuwa ni wa kwao aliacha Kiswahili, akaniambia kwa Kipsigis, lugha ambayo mama hakuijua, kwamba huku kwetu mvua haikosi mchana, hewa ina unyevu, na kompresa, ile pampu inayojaza hewa kwenye tangi la mashine, hukusanya maji. Kila adhuhuri nifungue koki iliyo chini ya tangi niyatoe, la sivyo hewa itatoka na maji na lebo hazitashika.

"Amesema nini huyo?" mama akaniuliza.

"Amesema tuchunge vidole."

Sikuwa nimepanga. Neno lilinitoka tu, na likishatoka sikulirudisha. Nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia.

Wiki yangu ilipita salama; koki niliifungua yeye akiwa ameenda kula. Katika wiki yake, mvua ilishuka kutoka upande wa Kimulot siku ya Jumanne, na lebo zikaanza kudondoka. Alizifuata kwa kiganja, akawa anafuta mikono kwenye aproni kila mara, akidhani ni jasho lake linalolowesha karatasi. Mimi nilikuwa kando nikipanga maboksi. Ijumaa alikabidhiwa ufagio.

Niliona haya, nasema wazi, lakini kazi niliitaka zaidi.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja nilikuwa nimechuchumaa nikifungua koki, maji yakaruka hadi sakafuni. Nilipoinua kichwa, alikuwa amesimama hapo na ufagio wake. Aliyatazama mpaka yakaisha.

"Kumbe ni hii fundi alisema," akasema.

Nikangoja matusi. Heri angenitukana. Alienda akaleta tambara, akapiga magoti karibu na miguu yangu, akayapangusa yale maji, kutoka katikati kwenda pembeni, mara mbili.