Suruali Niliyovaa Kundini

Nina diploma ya hoteli, nimefanya kazi Doha miaka tisa, na nyumba nimejenga kwa jasho langu. Kwa hivyo kundi letu la waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito lilipotafuta mtu wa kumshika mkono mgeni anayesubiri zamu yake ya kupasuliwa, nilijua ni mimi tu. Tatizo ni kwamba anayetaka kazi hiyo huonyesha kundi suruali ya enzi za unene wake, na zangu za zamani nilikuwa nimezigawa zote. Nikaenda madukani River Road, nikanunua iliyo kubwa kuliko zote.

Jumamosi, mbele ya kundi, niliingiza miguu yote miwili katika mguu mmoja wa suruali ile.

"Hii nilikuwa naijaza!" nikatangaza. Wakanipigia makofi.

Ndipo mgeni wetu, mama mmoja, akaingia, amechelewa, uso umejaa hofu. Alinitazama, akaitazama suruali.

"Ai, kastoma! Si hii nilikuuzia jana?"

Nilijaribu kukimbia, nikaanguka kama gunia. Wenzangu walicheka huku wameshika makovu yao. Mama yule alicheka hadi machozi, kisha akamwambia mwenyekiti:

"Nipeni huyu. Nikilia siku ya kupasuliwa, baada ya aibu hii yake atanichekaje?"