Ndege Iliyofuata Kidole

Meli ilitoroka. Ilitafutwa miezi mitano, ikapatikana, ikabaki kupigwa picha moja tu, ikaondoka na mafuta yake. Aliyekuwa na kamera siku hiyo ndiye huyu hapa, anasugua kioo.

Anasugua polepole kwa kitambaa laini, kama mama anayemfuta mtoto uso. Ndege iko nje ya banda, jua ndiyo kwanza linapanda, na fundi wa injini yuko juu ya ngazi anamchokoza.

"Utakitoboa hicho kioo, sajenti."

"Nikikitoboa ndiyo nitakuona vizuri unavyokaa bila kazi."

Kikosini wanamwita Dirisha. Ni sajenti wa jeshi, mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na zaidi amekaa kwenye dirisha la kulia la ndege ya doria akitazama bahari.

Kazi yenyewe haina fumbo. Mataifa yamekubaliana kwamba mafuta ya serikali fulani yasinunuliwe mpaka iache vita. Hivyo ndivyo vikwazo. Lakini penye mnunuzi hapakosi muuzaji. Meli inapakia mafuta hayo, inazima mtambo unaoitambulisha, inafunika jina lake kwa turubai, kisha inakutana na meli nyingine katikati ya bahari. Zinafungwa ubavu kwa ubavu, bomba la mpira linaunganishwa, mafuta yanahama. Yakifika bandarini yana karatasi safi.

Ndege haikamati mtu. Inapiga picha, wengine wanapeleka mbele. Ila picha lazima ionyeshe majina ya meli zote mbili. Bila jina, mawakili wa wenye meli wanacheka tu.

Nyumbani kazi hii haimpi ukubwa wowote. Mumewe anaendesha lori, wiki yupo wiki hayupo, na anayeshinda na watoto kila siku jikoni ni wifi yake, dada wa mume.

"Mimi nikichungulia dirishani naitwa mmbea," anasema wifi, anapepeta mchele bila kuinua kichwa. "Yeye anachungulia mpaka anawekewa pensheni."

Dirisha anacheka. "Huyu aseme atakavyo. Sijawahi kupanda ndege nikiwaza watoto wamekula nini. Hilo deni nitakufa nalo."

Siku ya mkasa kulikuwa na upepo. Walizikuta meli mbili zimefungana, mpira uko katikati. Ya kwanza jina lilikuwa wazi, akalipiga picha. Ya pili ndiyo ile waliyoitafuta. Turubai lilikuwa linapeperuka nyuma yake, na herufi zilianza kujitokeza. Ilihitajika kupita mara moja tu, chini chini.

Mabaharia wakaisikia ndege. Kamba zikakatwa kwa pupa, na mmoja wao akanaswa mguu na kamba, akavutwa, akatumbukia. Meli zote mbili zikaongeza mwendo. Hakuna iliyogeuka.

Wafanyakazi wa baharini wana sheria moja ambayo haibishaniwi. Anayemwona mtu majini anamnyooshea kidole na hamwachi. Hashiki kitu kingine, hageuki hata akiitwa. Kutoka juu, kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni punje ya pilipili manga kwenye chungu kinachochemka. Ukikipoteza umekipoteza.

"Kamera ilikuwa mkononi," anasema. "Herufi mbili za mwanzo nilishaziona. Nilijua nikiweka jicho kwenye kamera, yule kijana simwoni tena. Nikaiachia ining'inie shingoni, nikanyoosha kidole."

Rubani, mtu mnene asiyependa maneno, anaeleza upande wake. "Nilisikia 'mtu majini, kulia.' Nikageuka, nikaona kidole. Sikuuliza. Niliizungusha ndege kwa kufuata kidole cha mama huyu."

Nyuma yake mtu wa rada alikuwa anakazana. "Meli inakwenda, kapteni."

"Naijua."

"Inakaribia maji ya wenyewe, kapteni. Ikiingia huko hatuna ruhusa."

"Nimesema naijua."

Rada ilikuwa inaiona, lakini rada huona nukta, haisomi jina.

Wakamtupia kijana boya. Upepo ukalichukua. Kwa hiyo kidole kikabaki palepale, na ndege ikazunguka, ikazunguka tena. Mkono ulipoanza kushuka, mwenzake wa dirisha la kushoto akaja akapiga magoti, akamwekea bega chini ya kiwiko, kama mti wa kuegemezea mgomba uliozidiwa na mkungu.

"Alikaa hivyo mpaka mwisho," anasema Dirisha. "Nikimwona mpaka leo moyo unalainika, ingawa ni mtu wa kukoroma."

Hatimaye boti ya doria waliyoiita kwa redio ikafika, ikielekezwa na rubani, naye akielekezwa na kidole. Redio ikakohoa. "Tumempata. Anatetemeka. Anaomba sigara."

Ndege nzima ikaangua kicheko. Dirisha alishindwa kushusha mkono. Ilibidi wenzake waukunje.

Kituoni mkubwa wao aliwasubiri amesimama.

"Picha iko wapi?"

"Haipo, afande."

"Na mtu?"

"Yupo."

Akawapisha mlangoni. "Basi kaleni."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo analolishukuru kuliko yote. "Wangeweza. Miezi mitano ya watu wote, nimeitupa mimi. Kesho yake fundi alinikaribisha chai."

Kijana mwenyewe hawajaonana. Alisikia tu kwamba alirudishwa kwao.

Sasa anaomba apewe vijana wawili awafundishe dirisha kabla hajastaafu. Somo la kwanza, anasema, halitakuwa la kamera.

Anakunja kitambaa, anakitia mfukoni. Ukimwuliza kidole kile kiligharimu nini, anahesabu bila kulalamika. Meli moja, ambayo haijaonekana tena. Shehena yake yote, iliyouzwa na fedha zake kwenda vitani. Cheo kimoja, alichopewa mwingine mwaka ule. Na bega la kulia, ambalo mpaka leo haliinuki mkono ufike kwenye kamba ya kuanikia.

Nguo anaanika wifi.