Mogire Pangoni, Ijumaa Jioni

Pale Kebirigo hakuna aliyejua jua linatua saa ngapi kumshinda Mogire. Kila Ijumaa mzee huyu wa kanisa la Wasabato alifunga duka lake la kompyuta mapema, akasimama njiani na saa yake, akiwakodolea macho wanaochelewa kuipokea Sabato. Mwezi uliopita alimsimamisha Duke mbele ya kanisa zima kwa kuwa kinu chake cha mahindi kilinguruma dakika kumi baada ya jua kutua. Akamsomea mafungu matano ya Biblia. Mawili yangetosha, lakini Mogire akishapanda mimbarani huwa hajui ngazi ya kushukia iko wapi.

Wiki hii wachimba barabara walikata waya wa mtandao, wateja wakatoweka. Kwa kukosa la kufanya, Mogire akapangusa vumbi kwenye kompyuta yake kuukuu ya tangu chuoni, na humo akaukuta mchezo aliocheza kabla hajapata mke, kitambi wala cheo. Hauna picha hata moja, ni maandishi matupu. Uko pangoni, unaambiwa. Kuna giza. Utafanya nini? Ukiandika "washa taa", inawaka. Ukiandika upuuzi, unajibiwa, "Sielewi. Jaribu maneno mengine."

Siku tatu mzee mzima alishinda pangoni, akichora ramani nyuma ya karatasi za mahubiri. Alifunga pazia, eti mwanga unamuumiza macho. Ukweli ni kwamba aliona haya.

Ijumaa ikafika. Jioni hiyo washiriki wa kanisa wangekusanyika nyumbani kwake, naye ndiye wa kufungua Sabato mbele ya mchungaji mgeni kutoka Birongo. Alijiambia atamaliza chumba kimoja tu. Mara maandishi yakatokea: taa yako inakaribia kuzimika. Mogire akaanza kuhangaika kutafuta mafuta, jasho likimtoka kama anayechuma chai saa sita mchana.

Alikuwa bado akiyatafuta mafuta hayo, mlango wa duka uliposukumwa. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Nyanchera, mkewe, alisimama na kitabu cha nyimbo, nyuma yake mchungaji na nusu ya kanisa, na mbele kabisa Duke, tochi mkononi.

"Baba Jemimah, tulidhani umeanguka!" Nyanchera alisema, karibu kulia.

"Nilikuwa… natengeneza mashine ya mteja," Mogire akajibu.

Muosha huoshwa. Alikuwa amevunja Sabato, na sasa alikuwa anaipamba kwa uongo. Duke aliinama, akasoma kioo polepole kwa sauti: "Sielewi. Jaribu maneno mengine."

Watu wakaangua kicheko, hata mchungaji. Mogire alitamani ardhi impasukie. Akajaribu maneno mengine.

"Nilikuwa nacheza," alisema.

"Zima basi, omogaka, mzee wangu," Duke akamwambia taratibu. "Njia ina matope. Nitakumulikia."

Kesho yake Mogire alisimama mwenyewe mbele ya kanisa bila kuitwa, akaomba Duke ndiye amsomee. Alishakaza moyo kwa mafungu matano, pengine sita. Duke alisoma moja tu, tena fupi, akafunga Biblia na kurudi kuketi. Hilo ndilo lililomuuma Mogire kuliko yote.