Kitani cha Mumiani

Dhiki yangu ilianza mwaka 1991, nna miaka arubaini. Mume wangu alikufa, nikabaki Maskati na mtoto mmoja wa kike na cherahani. Skuli niliishia darasa la tatu, Unguja. Nalisema mwanzo ili mtu asije kuniuliza. Nilishona nguo za wake za walimu wa chuo kikuu, kule Al Khoudh, na kwa cherahani hiyo nikamlea mwanangu mpaka naye akaingia chuo hicho hicho.

Mwaka wake wa pili akaniletea kazi: jora zima la kitani cheupe, nilichane vipande virefu vya upana wa kiganja.

"Bendeji hizi?" nikamuuliza.

"La, mama. Za mumia."

Mwanangu kazaliwa huku, Kiswahili chake nusu Kiarabu, na akisema upesi hula maneno. Sikio langu likasikia lilijualo: mumiani.

Mtu asiyelelewa Unguja hatanifahamu. Mumiani kwetu ni mnyonya damu. Tukikatazwa kupita uchochoroni peke yetu wakati wa jua la utosini, watu wamelala, kwani mumiani hukukamata akakutundika kichwa chini, damu ikachuruzika ndani ya beseni.

"Mumiani nani?" nikasema.

"Mimi!" Akacheka. "Mwalimu kanchagua mimi, mie ndo mwembamba kuliko wote. Mambo ya zamani ya Misri, mama. Kwanza hutoa ubongo kwa puani, na ndoano. Halafu matumbo, maini, mapafu. Moyo tu ndo huachwa."

"Na wewe umekubali?"

"Kwa nini nisikubali? N'tapata maksi."

Ningemuuliza tena angenieleza. Lakini mimi simuulizi mtoto kitu mara mbili, akaja kuninyanyulia nyusi. Nilikichana kile kitani, kisha nikakificha chini ya godoro. Asubuhi kitani hakipo, na mtoto hayupo. Keshapanda basi la chuo.

Nikautia mkasi wangu mkubwa ndani ya mkoba, nikasimamisha teksi. Njia nzima kila sura niliyoihifadhi niliisoma, na nyingine nikazichanganya.

Chuoni nikauliza, nikaonyeshwa ukumbi, nikaingia. Juu ya meza kulilazwa kitu cheupe, kimefungwa utosi mpaka nyayo, hakitikisiki. Pembeni sinia la chumvi, na mizani. Na kichwani pake amesimama mtu mwenye kichwa cha mbwa mweusi, masikio juu.

Nikajua nimechelewa.

Nilitoa mkasi, yule mbwa akaruka nyuma, kinyago cha karatasi kikamdondoka, kumbe mwanafunzi, anaigiza tu. Nikakata kitani cha usoni. Jicho likafunguka.

"Mama, basi! Watu wote wanatutizama!"

Nikamshika pua, nikatazama ndani, tundu zote mbili. Ndipo nikakaa chini, sakafuni.

Mwalimu wao, Mmisri mtu mzima, akaja na maji. "Ya hagga," akaniita, maana Wamisri hawasemi hajja, "tumekukosea nini?"

Nikamwambia habari ya mumiani. Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha upya. Akasema neno ni moja, mumia na mumiani. Watu wake wa kale walikuwa waoga kama mimi: waliamini mwili ukioza, roho ya mwenyewe haipati pa kurudi. Ndio maana wakiukausha mwili kwa chumvi, wakaufunga kitani, wakautilia mikate, makubazi na vitana kaburini. Baadaye sana wakaja wachuuzi, wakawafukua wale maiti, wakawasaga, wakawauza kuwa dawa.

"Dawa nyeusi kama lami," akasema. "Ya kuunga mifupa. Wakiiyeyusha…"

"Ndani ya samli," nikasema.

"Umejuaje?"

Nilipokuwa mdogo nilianguka nikavunjika mkono wa kulia, na bibi yangu akaninywesha mumiani ya dukani, dawa nyeusi ya jina lile lile, ndani ya samli moto. Mkono ukaunga.

"Huenda ilikuwa lami ya mlimani tu, ya hagga. Wanunuzi wengi walidanganywa."

"Huenda," nikasema.

Mwanangu maksi alizipata. Nami nikarudi nyumbani na hofu nyingine, ambayo mkasi hauiwezi. Utoto wangu wote nikimkimbia mumiani, kumbe labda mimi ndiye niliyemnywa mtu. Alikuwa na jina, akapambwa na waliompenda asipotee, akaishia kikombeni kwangu. Siku ya Kiyama akija kudai chake, nitamjibu nini? Nimeuliza mashekhe. Wananambia, ulikuwa mtoto, huna dhambi. Dhambi sikuuliza.

Leo nna nyumba Al Khoudh, ya vyumba vitano. Duka la kushona, na cherahani sita. Gari, ingawa siendeshi. Mkasi ule ule. Sanda yangu, nimeikata mwenyewe, imo kabatini. Nimemwambia mwanangu asinitilie hata kitana. Mwanangu, mzima, na pua yake. Na mkono wa kulia, unaofanya kazi vizuri, ila sijui kama wote ni wangu.